Bunduki za Kuwindia: Kwa Nini Duka la Huku Linayo na Duka la Kule Halina

Ndugu mkulima, katika skimu nyingi za makazi, tangu Shimba Hills na Lake Kenyatta huko pwani mpaka mashamba ya Laikipia na Kinangop, mazungumzo ya wanyama wa mwitu hayaishi. Mahindi yamekanyagwa na ndovu, viazi vimefukuliwa na nguruwe mwitu, nyani wamemaliza maharagwe. Na katika mazungumzo hayo hakosi mtu atakayesema, "Kama tungekuwa na bunduki, taabu hii ingekwisha."

Mwingine huongeza kwamba jamaa yake yuko Marekani, na huko bunduki ya kuwindia hununuliwa dukani kama jembe. Wa tatu humkatalia. Yeye ana mtoto aliye katika jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, naye amemwambia kwamba bunduki ya namna hiyo haionekani katika maduka ya huko. Basi ubishi huanza, na kila mmoja humwona mwenzake mwongo.

Huenda wote wawili wamesema kweli. Bunduki za kuwindia hazifanani kila mahali, na tofauti hiyo ina sababu zake. Yafaa uzijue sababu hizo, maana ukizifahamu vizuri utafahamu pia jambo linalokuhusu wewe mwenyewe: kwa nini bunduki si dawa ya ndovu anayeingia katika shamba lako, na ni dawa gani iliyopo.

Maana ya namba za bunduki

Kwanza tujue namba. Kila bunduki ya risasi ina jina lenye namba, kama .30-30, .270, .375 au 7x57. Namba ya kwanza huonyesha upana wa tundu la mtutu au upana wa risasi yenyewe. Waingereza na Wamarekani hupima kwa sehemu za inchi. Basi .30 ni karibu sehemu 30 katika 100 za inchi moja, na .375 ni sehemu 375 katika 1000. Watu wa bara la Ulaya hupima kwa milimita. Kwa hiyo 7x57 ni risasi ya milimita 7 katika ganda lenye urefu wa milimita 57.

Namba ya pili haina kanuni moja. Katika .30-06, namba 06 ni mwaka 1906, ambao jeshi la Marekani lilianza kuitumia risasi hiyo. Katika .30-30, namba 30 ya pili ilikuwa kipimo cha baruti iliyotiwa ndani ya ganda.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: risasi ya bunduki moja haiingii katika bunduki nyingine kwa sababu tu zina upana mmoja. Risasi za .30-30 na .30-06 zina upana karibu sawa, lakini maganda yao ni mbalimbali kabisa. Mtu mwenye bunduki ambayo risasi zake haziuzwi katika wilaya yake ana fimbo tu, tena fimbo ghali. Kwa hiyo mwenye duka haweki bunduki peke yake. Huweka bunduki ambayo anaweza kuiuzia risasi mwaka hata mwaka. Na wateja wake huchagua kwa kufuata mambo manne: ardhi, mnyama, sheria, na historia ya mahali hapo.

Jambo la kwanza: Ardhi

Tuchukue Marekani, maana ni nchi kubwa yenye kila namna ya ardhi. Upande wa mashariki, katika majimbo kama Pennsylvania, New York na Maine, kuna misitu mingi yenye miti iliyosongamana. Mwindaji hamwoni kulungu mpaka amekaribia, labda hatua 50 au 80 tu. Hapo hahitaji bunduki ya kupiga mbali. Huhitaji bunduki fupi, nyepesi, isiyonaswa na matawi, yenye kupiga risasi ya pili upesi.

Ndiyo sababu bunduki ya Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning, ilipendwa sana katika misitu hiyo. Bunduki hii huingizwa risasi kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini, karibu na kidole cha kufyatulia. Risasi yake iliyojulikana zaidi ni .30-30, iliyotoka mwaka 1895. Kampuni ya Marlin nayo ilileta bunduki ya namna hiyo iitwayo 336 mwaka 1948. Nchi ya misitu ndiyo nchi ya bunduki hizi.

Sasa nenda magharibi, katika majimbo ya Wyoming, Montana na Colorado. Huko kuna mbuga zilizo wazi na milima mirefu. Mwindaji humwona mnyama akiwa ng'ambo ya bonde, hatua 300 au zaidi. Ile .30-30 ya msituni huko haifai sana, kwa sababu risasi yake ni ya polepole nayo huanguka chini mapema. Mwindaji wa huko hutaka bunduki ya komeo, yaani ile inayofungwa na kufunguliwa kwa komeo la chuma kama la mlango, tena yenye darubini juu yake. Hutaka risasi ya kasi iendayo karibu kama mstari ulionyoka, kama .270 iliyotoka mwaka 1925, au .30-06, au 7mm Remington Magnum iliyotoka mwaka 1962.

Basi mtu akitoka katika misitu ya Maine akaenda Wyoming, atakuta rafu za duka zimebadilika. Hakuna aliyezificha bunduki za kwao. Ardhi ndiyo iliyobadilika.

Jambo la pili: Mnyama

Ardhi huamua umbali, na mnyama huamua uzito. Kulungu wa mashariki ya Marekani ni mnyama wa wastani, na risasi ya kiasi humtosha. Katika milima ya magharibi yuko kulungu mkubwa aitwaye elk, ambaye dume lake laweza kupita kilo 300. Huyo huhitaji risasi nzito zaidi. Na katika jimbo la Alaska, huko kaskazini kabisa, wako dubu wa kahawia, wanyama wakubwa na wakali, ambao mwindaji aweza kukutana nao hata siku anayowinda mnyama mwingine. Kwa sababu hiyo maduka ya Alaska huweka .338 Winchester Magnum na .375 kwa wingi kuliko maduka ya kusini. Tena pwani ya Alaska hunyesha sana, na wengi hupendelea bunduki za chuma kisichoshika kutu.

Hiyo .375 si mgeni kwetu. Ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na ilisifiwa sana Afrika Mashariki. Hivyo bunduki moja yaweza kuonekana katika duka la Alaska na kukosekana katika duka la Pennsylvania, huku nchi ni moja. Si fedha wala siri. Pennsylvania ni wachache waihitajio bunduki hiyo.

Huko Sweden na Norway watu huwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwenye pembe pana kama koleo. Nchi hizo mbili zilipatana mwaka 1894 juu ya risasi moja ya jeshi, 6.5x55. Wawindaji wakaizoea, nayo imeuzwa huko kwa wingi kwa zaidi ya miaka 100. Katika nchi nyingine nyingi si rahisi kuikuta kama huko.

Jambo la tatu: Sheria

Hili ndilo jambo linalowashangaza watu zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho. Msitu huonekana, mlima huonekana, lakini sheria haionekani mpaka umeulizia bunduki ukaambiwa haipo.

Sheria ya Pennsylvania kwa miaka mingi ilikataza kuwinda kulungu kwa bunduki inayojipakia risasi yenyewe. Wawindaji waliotaka kupiga upesi wakageukia bunduki ambayo mkono wa kushoto huvuta na kusukuma mti wa chini ili risasi nyingine iingie. Kampuni ya Remington ilitoa bunduki ya namna hiyo, ya 760, mwaka 1952, ikapendwa Pennsylvania kuliko karibu mahali pengine popote. Katika majimbo ya magharibi watu wengi hawakuijali.

Halafu angalia majimbo ya wakulima katikati ya Marekani, kama Illinois, Iowa, Indiana na Ohio. Huko nchi ni tambarare, ni mashamba ya mahindi na soya, na nyumba za wakulima zimetawanyika kila upande. Risasi ya .30-06 yaweza kwenda zaidi ya kilomita 4 kabla ya kuanguka. Ikimkosa kulungu, nani ajuaye itafika wapi? Kwa hiyo majimbo hayo yalikataza kwa miaka mingi kuwinda kulungu kwa bunduki za kawaida za risasi. Waliruhusu bunduki ya marisau inayopiga kipande kimoja kizito cha risasi, ambacho hakiendi mbali hivyo.

Baadaye majimbo hayo yalianza kulegeza kidogo. Ohio iliruhusu mwaka 2014, na Iowa mwaka 2017, bunduki zenye risasi za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni kama chupa. Risasi hizo zina nguvu ya karibu lakini hazisafiri mbali kama zile za milimani. Illinois iliruhusu mwaka 2023, tena kwa bunduki inayopakiwa risasi moja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ya Winchester ilitoa mwaka 2019 risasi mpya iitwayo .350 Legend kwa ajili ya wawindaji wa majimbo kama haya. Basi katika maduka ya Ohio utaikuta kwa wingi. Wyoming ni wachache waihitajio.

Jimbo la California limeshika jambo jingine. Tangu tarehe 1 Julai 2019, mtu anayewinda kwa bunduki katika jimbo hilo hana ruhusa kutumia risasi za madini ya risasi. Sababu ni kwamba tai wakubwa wa huko walikuwa wakila mizoga yenye vipande vya madini hayo na kufa kwa sumu. Risasi nyingi za shaba zipo, lakini si kwa kila bunduki ya zamani. Hivyo bunduki ya babu huweza kuwa nzima na bado isiwe na risasi iliyo halali kwa kuwindia.

Huko Uingereza utaona jambo kama hilo katika nchi mbili zinazopakana. Katika England, sheria ya kulungu ya mwaka 1991 yataka risasi isiyopungua upana wa .240 kwa kulungu wengi, hata yule mdogo aitwaye roe. Katika Scotland, kulungu huyo huyo mdogo aweza kupigwa kwa risasi ya .22 ya kasi, maadamu imetimiza uzito na nguvu iliyoandikwa. Risasi iliyo halali upande mmoja wa mpaka ni kosa upande wa pili. Hii ni sababu moja iliyowafanya wengi kupenda .243 Winchester, ya mwaka 1955: yatosha kote kuwili.

Ufaransa kwa miaka mingi ilikataza raia kuwinda kwa bunduki zenye risasi za namna ya jeshi. Wawindaji wakachukua risasi nyingine zisizokuwa za jeshi, kama 7x64, iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Brenneke mwaka 1917. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2013, lakini mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa siku moja, na 7x64 bado hupendwa huko.

Na huko Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, serikali zilikubaliana kuzuia bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe. Bunduki zaidi ya 600,000 zilinunuliwa na serikali na kuharibiwa. Mkulima wa huko aweza kupewa leseni ya pekee kwa bunduki ndogo ya kujipakia, lakini lazima athibitishe kwamba yeye ni mkulima kweli na kwamba kazi yake yaihitaji. Mtu wa mjini hapewi.

Hata Marekani, nchi isifiwayo kwa wingi wa bunduki, mwenye duka lazima awe na leseni ya serikali kuu. Mnunuzi hujaza karatasi, na tangu mwaka 1998 jina lake huchunguzwa kwanza kama ana makosa yanayomzuia. Kwa hiyo yule aliyesema kwamba huko bunduki hununuliwa kama jembe amepunguza habari. Jembe halijaziwi karatasi.

Jambo la nne: Mabaki ya vita na historia

Baada ya Vita Kuu ya pili, majeshi yalikuwa na bunduki nyingi zisizo na kazi. Katika Canada, bunduki za .303 za jeshi la Kiingereza ziliuzwa kwa bei ndogo, na watu wengi wa mashamba na misitu walizinunua kwa kuwindia. Bunduki ikienea, risasi zake huenea. Na risasi zikienea, kila duka dogo la kijijini huziweka.

Historia ya sheria ya zamani nayo huacha alama. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza katika India ilikataza kuingiza bunduki za .450, kwa kuogopa kwamba risasi zake zingewafaa watu wenye kuasi waliokuwa na bunduki za jeshi za upana huo. Sudan nayo ikafanya hivyo. Mafundi wa Uingereza hawakukaa kimya. Walitengeneza haraka risasi nyingine za nguvu ile ile lakini za upana mwingine, na moja yao ilikuwa .470. Risasi hiyo iliyozaliwa kwa sababu ya sheria ya India ndiyo iliyokuja kujulikana sana na wawindaji wa ndovu wa Kenya na Tanganyika.

Na sisi Kenya je?

Mambo yale manne yalikuwepo kwetu pia. Zamani Nairobi palikuwa na maduka ya bunduki yaliyowauzia wawindaji wa safari, na duka la Shaw & Hunter lilijulikana sana. Kwa ndovu, nyati na kifaru zilitakiwa bunduki nzito: .375, .416 ya kampuni ya Rigby iliyotoka mwaka 1911, .470, na baadaye .458 ya Winchester iliyotoka mwaka 1956. Kwa swala na kongoni, .275 na .303 zilitosha.

Labda umesikia habari za W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwaua wengi kwa bunduki nyepesi ya .275. Habari hiyo ni ya kweli, lakini isikudanganye. Mtu huyo alikuwa hodari wa kulenga, tena alijua hasa ubongo wa ndovu ulipo ndani ya kichwa. Nchi nyingi za Afrika ziliweka sheria kwamba wanyama wakali wapigwe kwa bunduki nzito tu, kwa sababu ndovu aliyejeruhiwa haendi kufa porini kimya. Huweza kurudi, naye humwua mtu wa kwanza kumkuta, hata kama ni mtoto aendaye kisimani.

Halafu sheria ikabadilisha yote. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikapiga marufuku biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama wa mwitu. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda njia nyingine: walisimamisha uwindaji mwaka 1973, wakaufungua tena mwaka 1978 kwa leseni. Kwa hiyo mtu wa Taveta aweza kusikia habari za safari za kuwinda upande wa pili wa mpaka, na kwake uwindaji huo ni kosa. Ni mfano ule ule wa England na Scotland.

Sheria ya sasa ya wanyama wa mwitu ni ya mwaka 2013. Kuua mnyama wa mwitu bila ruhusa ni kosa. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa jingine, nalo ni kubwa, lenye kifungo cha miaka mingi. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha kwa mtu aliyechunguzwa na mwenye sababu ya kukubalika. Hakuna njia nyingine ya halali.

Bunduki ya kichakani

Wako watu watakaokujia usiku na kukuambia kwamba wana bunduki ya bei nafuu ya kulinda shamba. Kabla hujamsikiliza mtu wa namna hiyo, kumbuka uliyosoma hapa.

Kwanza, hujui ni bunduki gani wala risasi zake zitatoka wapi. Risasi haziuzwi ila kwa mwenye cheti. Basi utamtegemea mwuzaji huyo huyo siku zote, naye atakupangia bei atakayo.

Pili, mara nyingi silaha ya namna hii imekwisha kutumika katika wizi au mauaji. Ikikutwa nyumbani kwako, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Tatu, fikiri juu ya ardhi yako. Shamba la ekari 10 lililo mraba lina upande wa mita 200 hivi. Risasi iwezayo kwenda kilomita 4 yaweza kupita juu ya mashamba 20 ya namna hiyo yaliyopangwa mfululizo. Tena ndovu huja usiku, wakati usipoona kilicho nyuma yake. Wakulima wa Illinois na Iowa wenye mashamba makubwa kuliko yetu walikatazwa bunduki hizo kwa sababu ya majirani. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba tutasema nini?

Nne, hasara yenyewe haina ulinganifu. Ndovu akila ekari moja ya mahindi umepoteza mavuno ya msimu. Ukipatikana na bunduki hiyo, jamaa yako yaweza kukukosa kwa miaka mingi, na huenda hata shamba likauzwa kwa gharama za kesi.

Dawa zilizopo

Usikate tamaa. Kuna njia zilizojaribiwa na wakulima kama wewe.

Ua wa mizinga ya nyuki umejaribiwa sana huko Sagalla, katika Kaunti ya Taita Taveta, karibu na mbuga ya Tsavo. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, na waya huiunganisha. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huwaogopa nyuki sana. Kila mita 10 hutundikwa kitu kimoja: mzinga wa kweli, halafu kipande cha ubao kilichofanana na mzinga, halafu mzinga tena. Ekari moja iliyo mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi, kwa hiyo huhitaji mizinga 12 au 13 na mbao kadiri hiyo hiyo. Tena nyuki hukuletea asali, na maua ya mazao hupata faida. Lakini ua huu una kazi: waya iangaliwe kila wiki, na nyuki wapate maji wakati wa ukame, la sivyo watahama.

Kamba zilizopakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu ya gari hutumiwa pia, maana ndovu ana pua nyepesi kuliko yetu. Hizi lazima zipakwe tena baada ya mvua.

Chagua mazao kwa akili. Katika sehemu ya shamba iliyo karibu na msitu, panda vitu ambavyo ndovu havipendi sana, kama pilipili au alizeti, na uweke mahindi karibu na nyumba.

Nyani na tumbili hawazuiliwi na ua wa namna hii. Hao huhitaji mtu wa kulinda mchana, na kichaka kilicho mpakani mwa shamba kifyekwe wasipate mahali pa kujificha. Majirani wakipeana zamu, mtu mmoja aweza kulinda mashamba matatu au manne.

Ua wa umeme ni dawa kubwa, lakini si kazi ya mtu mmoja. Ua wa Aberdare, uliomalizika mwaka 2009, una urefu wa karibu kilomita 400, na wakulima wanaopakana na msitu huo wamefaidi. Ukiona ua kama huo umekatwa au nguzo imeanguka, toa habari siku ile ile. Anayekata waya ili aingize ng'ombe wake amewafungulia ndovu mlango wa mashamba ya wenzake wote.

Mnyama akiingia shambani

Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Usimkaribie ndovu, nyati wala kiboko. Wakusanye watoto ndani ya nyumba. Usijaribu kumfukuza peke yako gizani.

2. Peleka habari mara moja kwa kituo cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS, kilicho karibu nawe, na kwa chifu. Andika namba ya simu ya kituo hicho leo, kabla ya taabu kuja, na uibandike ukutani. Askari wa KWS wana silaha halali na mafunzo ya kazi hiyo.

3. Usilime tena wala usiondoe mazao yaliyoharibiwa mpaka yamekaguliwa. Nyayo na mashina yaliyovunjwa ndiyo mashahidi wako. Piga picha kwa simu ukiweza.

4. Mwite afisa wa kilimo akadirie hasara, kisha ujaze fomu ya madai katika ofisi ya KWS. Madai huangaliwa na kamati ya kaunti ya hifadhi na fidia. Weka nakala ya kila karatasi.

5. Uliza kama mnyama huyo yumo katika orodha ya sheria, maana si kila mnyama hulipiwa. Tena sheria haimlipi mtu ambaye hakufanya juhudi ya kiasi kulinda mazao yake. Kwa hiyo ua wako wa mizinga au kamba zako za pilipili, mbali na kufukuza ndovu, ni ushahidi wa juhudi yako.

Kama mtu ameumizwa au ameuawa, sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa kifo, shilingi 3,000,000 kwa jeraha liletalo kilema cha daima, na mpaka shilingi 2,000,000 kwa jeraha jingine. Malipo huweza kuchelewa, na wengi wamengoja muda mrefu. Lakini anayengoja akiwa na karatasi zake zote ana haki ya kudai. Asiye na karatasi hana la kuonyesha.

Sasa, jioni ubishi ule ukianza tena, utaweza kuwaeleza wenzako. Duka la Wyoming lina bunduki yake kwa sababu ya milima yake, la Alaska kwa sababu ya dubu wake, la Ohio kwa sababu ya mashamba yake, na la Scotland kwa sababu ya sheria yake. Kila mahali watu wamechagua kifaa kulingana na ardhi yao, wanyama wao na majirani zao. Nasi tunapaswa kuchagua hivyo hivyo. Katika skimu ya makazi, yenye ndovu upande mmoja na nyumba za jirani upande wa pili, kifaa kitufaacho ni mzinga wa nyuki, ua ulio imara, zamu ya majirani na simu iliyo na namba ya KWS. Nguzo za mizinga zaweza kuchimbiwa wiki hii.